Mwoga wa Kitajiri Anatafuta Nini Manowarini?

Shikamoo Shangazi,

Niwie radhi kwa urefu wa barua hii. Jambo lenyewe nikilieleza kwa kifupi linaonekana la kipuuzi, na mimi linaninyima usingizi.

Nina miaka 29, mkazi wa Mombasa. Mchana nafanya kazi katika kampuni ya baba yangu ya malori na maghala, jioni naandika tamthilia. Tuna kikundi kidogo cha maigizo. Mwelekezi wetu ni rafiki yangu tangu shule ya msingi, mtoto wa mvuvi. Nitamwita Rafiki tu, maana anasoma safu hii.

Mchezo nilioandika safari hii hauhusu Mombasa hata kidogo. Nilisoma habari za Admirali John Byng wa Uingereza, aliyepigwa risasi na askari wa jeshi lake mwenyewe mwaka 1757 kwa kutopigana vya kutosha, nikashindwa kumtoa kichwani. Lakini sikutaka kuandika juu yake. Nikambuni kijana mwingine wa zama hizohizo, Edmund, mtoto wa tatu wa lodi, yaani bwana mwenye cheo cha kurithi. Edmund ni mwoga. Anaogopa farasi, anaogopa radi, anaogopa damu, na zaidi ya vyote anamwogopa baba yake. Katika onyesho la kwanza wamekaa mezani, ana miaka 12, na mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, anatamka kwamba anataka kwenda jeshi la wanamaji. Mchezo mzima unamfuata kuanzia hapo hadi anapokuwa nahodha.

Rafiki aliposoma alinirudishia karatasi palepale. "Mtu huyu hayupo duniani," aliniambia. "Ana pesa, ana jumba, ana watumishi, halafu ni mwoga. Akafanye nini kwenye mizinga? Si angekaa kwao ale kuku?" Anataka nichague moja: ama Edmund awe shujaa aliyejificha ambaye ushujaa wake utadhihirika mwishoni, ama baba yake amlazimishe kwa bakora. Nikakataa yote mawili. Tukabishana hadi akanitolea maneno ambayo bado yananiuma: "Nyinyi watoto wa matajiri mnadhani woga ni kitu kitamu cha kuchezea. Baba yangu akiogopa bahari, tulilala njaa."

Tangu siku hiyo mazoezi yamesimama. Ukumbi umeshalipiwa, na aliyelipa ni baba yangu, ambaye kwa mara ya kwanza amesema atakuja kutazama mchezo wangu.

Sasa juu ya hayo, dada yangu naye akausoma. Akacheka mpaka machozi, akasema, "Huyu Edmund ni wewe. Umemvisha koti tu." Sikucheka. Ni kweli kwamba kazi ya kampuni niliiomba mwenyewe. Ni kweli pia kwamba kila nikiingia ofisini kwa baba mikono inanitoka jasho, na kwamba sijawahi kumpinga kwa lolote.

Shangazi, nimbadilishe Edmund ili nisimpoteze rafiki? Nimwache kama alivyo na baba ajitazame jukwaani? Au Rafiki ana haki, na mtu wa aina hii hawezi kuwapo?

Mwandishi, Njia Panda

---

Marahaba mwanangu.

Sioni upuuzi wowote katika barua hii. Naona mambo ambayo yamefungwa pamoja kwa kamba moja, na kila ukivuta upande huu, upande ule unakaza. Rafiki anakuambia mtu wako hawezi kuwapo. Wewe unaamini yupo, ila ulipoulizwa sababu ulitoa hasira. Dada yako anakuambia yupo kwa sababu ndiye wewe. Na huko mbele kuna kiti kimoja ukumbini atakachokaa baba yako. Acha nianze na Edmund, kwa kuwa ndiye pekee miongoni mwenu asiyeweza kununa.

Nilifundisha historia miaka mingi kabla ya kupewa safu hii, kwa hiyo utanivumilia nikirefusha hapa. Swali la Rafiki ni zuri mno: kwa nini asikae kwao ale kuku? Jibu lake linaanza na neno ambalo umeliandika mwenyewe kisha ukalipita. Edmund ni mtoto wa *tatu*. Katika familia za malodi wa Uingereza, cheo, jumba na ardhi vilimwendea mtoto wa kwanza wa kiume, na kwa kawaida havikugawanywa. Wadogo zake walizaliwa katika jumba lilelile, wakala meza ileile, wakajua tangu utotoni kwamba siku baba akifa jumba ni la kaka. Kuku ni wa kaka. Kwa hiyo walitafutiwa shughuli za kiungwana, nazo zilikuwa chache: jeshi la nchi kavu, kanisa, sheria, bahari. Biashara ilionekana aibu.

Sasa mweke mwoga mbele ya orodha hiyo. Katika jeshi la nchi kavu, cheo cha uofisa katika vikosi vya miguu na vya farasi kilinunuliwa kwa pesa taslimu, desturi iliyodumu hadi mwaka 1871. Baba mwenye watoto wengi wa kiume anaanza kupiga hesabu. Na umesema Edmund anaogopa farasi! Kanisani kunahitaji masomo, na sheria vilevile. Baharini hakukuwa na cheo cha kununua. Kulihitajika mtu wa kukushika mkono: mjomba, jirani, rafiki wa baba mwenye manowari, akuchukue ukiwa na miaka 12 au 13 kama mtumishi wake kwa jina tu, ili ujifunze. Nelson mwenyewe, admirali mashuhuri wa Uingereza na mtoto wa kasisi, aliingia kwa njia hiyo mwaka 1771 akiwa na miaka 12, katika meli ya mjomba wake Maurice Suckling. Mfalme George III alimpeleka mwanawe William baharini mwaka 1779 akiwa na miaka 13. Kwa mtoto wa lodi ilikuwa njia iliyokwisha kufyekwa.

Tena ilifyekwa kuliko ilivyoonekana. Tangu mwaka 1677, wakati Samuel Pepys alipokuwa katibu wa jeshi la wanamaji, palikuwa na mtihani wa kuwa luteni, na katika karne ya Edmund ulitakiwa uwe umekaa baharini miaka sita. Wakubwa walipataje njia ya kukwepa? Kwa kitu ambacho sisi Waafrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa: majina hewa. Mtoto aliandikwa kwenye daftari la meli angali nyumbani anacheza, na miaka ikahesabiwa. Thomas Cochrane, mtoto wa lodi wa Dundonald kule Scotland, alikuwa mwanamaji hewa katika meli za mjomba upande wa baba kwa miaka mingi kabla ya kukanyaga sitaha mwaka 1793, akiwa na miaka 17. Cochrane alikuja kuwa simba, kwa hiyo usidhani ni waoga tu waliopitia mlango wa nyuma. Na mwaka 1780 Admirali Rodney alimpandisha mwanawe John kuwa nahodha kamili akiwa na miaka 15. Ukishafika hapo, mwanangu, uliendelea kupanda kwa kusubiri tu. Manahodha walipanda kuwa maadmirali kwa zamu ya ukongwe, waliotangulia wakifa. Na ofisa asiye na meli alilipwa nusu mshahara akiwa nchi kavu. Mwoga mwenye subira angeweza kuliona hilo kama ahadi nzuri.

Halafu kuna ngawira. Meli ya adui ikikamatwa iliuzwa pamoja na shehena yake, na pesa zikagawanywa, fungu nono likimwendea nahodha. Mwaka 1762 manowari mbili za Waingereza ziliikamata meli ya Wahispania iitwayo Hermione, na kila nahodha akaondoka na takriban pauni 65,000. Baharia wa kawaida alipata karibu pauni 485, na hata hiyo ilizidi mshahara wake wa miaka 30. Kwa mtoto wa tatu, habari kama hizo zikisimuliwa mezani zinatosha kumfanya aote usiku.

Hayo yote yanaeleza kwa nini mtu *asiye na urithi* aende baharini. Bado hayajaeleza mwoga. Hapa ndipo nadhani mchezo wako una kitu ambacho hata wewe hujakichimba.

Rafiki anauona ushujaa kama kazi ya miguu: shujaa anasonga, mwoga anakimbia. Katika uwanja wa vita wa nchi kavu ni hivyo kweli. Lakini manowari ikishanyanyua tanga, nani atakimbilia wapi? Mwoga ndani yake ni sawa na abiria wa matatu: dereva akiamua kulipita lori kwenye kona, ushujaa wako wewe uliyekaa nyuma haukuulizwa. Mnakwenda wote. Kijana anayejijua kwamba akiachiwa njia wazi atageuka, anaweza kuvutiwa sana na mahali pasipo njia. Hapo hakuna atakayemjua. Mizinga itanguruma, moshi utajaa, naye atakuwa pale pale kama wenzake, kwa kuwa hana pengine pa kuwa. Watu watamwita jasiri. Baba yake ataandikiwa barua.

Kwa hiyo ninapokutana na "mwoga aliyechagua bahari" siuoni ukinzani. Namwona mtoto aliyepima hofu mbili na kuikimbia iliyo kubwa zaidi. Mizinga hajaiona. Baba anamwona kila siku. Na wala hajui kwamba katika vita za zama zile maradhi na ajali ziliwaua wanamaji wengi kuliko mizinga ya adui, jambo ambalo mwoga mwenye akili angeliuliza kwanza.

Mtego unakuja baadaye, na Byng wako ndiye ushahidi. Anapopandishwa cheo, Edmund anaondolewa kwenye kiti cha abiria na kupewa usukani. Nahodha husimama juu, sitaha ya nyuma, na heshima yake inamtaka asiiname wala kujikinga. Nelson alipigwa risasi pale pale, katika vita vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805. Na ukiwa admirali, uamuzi wa kusonga au kurudi ni wako peke yako. Byng alikuwa mtoto wa lodi, mwana wa Admirali George Byng, mshindi wa vita vya Cape Passaro vya mwaka 1718. Mwaka uleule wa ushindi wa baba, mtoto alipelekwa baharini akiwa na miaka 13. Mwezi Mei 1756 alipambana na Wafaransa karibu na kisiwa cha Minorca, kilichokuwa cha Waingereza, bila ushindi, akashauriana na maofisa wake, akarudi Gibraltar, na kisiwa kikapotea. Mahakama ya kijeshi ilisema wazi kwamba hakuwa na hatia ya woga. Ilimtia hatiani kwa kutofanya kila aliloweza, na kwa sheria iliyokazwa mwaka 1749 kosa hilo lilikuwa na adhabu moja tu. Majaji wenyewe walimwombea huruma, Mfalme akakataa. Tarehe 14 Machi 1757, katika meli Monarch bandarini Portsmouth, alipiga magoti na kuangusha leso mwenyewe kuwapa ishara wenye bunduki.

Linganisha na Lord George Sackville, mwana wa lodi wa Dorset, wa jeshi la nchi kavu. Mwaka 1759 kule Minden, Ujerumani, aliamriwa kuwapeleka wapanda farasi mbele, akasitasita hadi nafasi ikapita. Mahakama ikatangaza hafai kutumikia tena, watu wakamwita mwoga hadharani. Mwaka 1775 akawa waziri wa makoloni ya Amerika. Kama Edmund angekuwa na macho ya kuona mbele, labda angejitahidi kuzoea farasi.

Unaona basi kwamba kwa upande wa historia unao uwanja mpana wa kumjibu Rafiki. Ila sina hakika kwamba ni historia aliyokuwa anauliza.

Yasome tena maneno yake. "Baba yangu akiogopa bahari, tulilala njaa." Huyo hakusema Edmund hawezekani. Alisema kwamba mtu aliyeruhusiwa kuogopa na bado akapewa meli anamchoma. Na katika historia hiyohiyo unayoipenda, ana hoja nzito. Wakati Edmund anachagua bahari mezani, katika miji ya bandari vikosi vya serikali vilikuwa vinakamata mabaharia kwa nguvu, mitaani na kwenye meli za biashara zilizokuwa zinarejea nyumbani, na kuwapeleka manowarini wapende wasipende. Hao woga wao haukuwa hadithi. Aliyetoroka alichapwa mijeledi, na kwa sheria angeweza hata kunyongwa. Katika barua yako sikumwona hata mmoja wao. Wamo katika mchezo? Kama hawamo, huenda Rafiki ameliona pengo hilo bila kuweza kulitaja.

Na nikuulize jambo jingine, kwa upole. Unasisitiza kwamba Edmund ametamka "mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu". Mistari michache baadaye unaniambia kazi ya kampuni uliiomba mwenyewe. Mtoto wa miaka 12, mezani kwa baba anayemwogopa kuliko radi, anaposema jambo ambalo baba angependa kulisikia, tumwite amechagua? Sisemi hakuchagua. Nasema Rafiki anataka bakora ionekane, nawe unakataa kwa sababu unajua kuna nyumba ambazo bakora haijawahi kuinuliwa na watoto bado wanatii. Hilo ni jambo la kweli kabisa, na sidhani umewahi kumweleza. Yeye alilelewa na hofu ya aina nyingine.

Kuhusu njia zilizo mbele yako. Unaweza kumgeuza Edmund shujaa wa siri. Mazoezi yataanza kesho, watazamaji watapiga makofi, na baba atatoka ukumbini ametabasamu. Hasara yake ni kwamba utakuwa umefanya ukumbini kile unachofanya ofisini, nawe ndiye unayejua kama utaweza kulibeba. Watu wengi hubeba, tena bila kudhurika sana, kwa hiyo sitakutisha.

Unaweza kumwacha kama alivyo na kusimama hapo. Utakuwa na mchezo wako, labda bila mwelekezi, na rafiki wa miaka yote hiyo si mtu wa kubadilishwa na karatasi kwa urahisi. Nawajua waandishi waliofanya hivyo na hawajuti. Nawajua pia wanaojuta.

Au unaweza kumpelekea Rafiki swali badala ya jibu: katika meli ya Edmund, yule aliyekamatwa kwa nguvu bandarini angemwambia nini huyu mtoto wa lodi? Maneno aliyokutolea yeye yanafaa kinywa hicho kuliko yoyote utakayobuni. Lakini tahadhari. Hayo ni maumivu ya nyumba yake, si malighafi. Akikubali, yaandike naye, jina lake liwe juu pamoja na lako. Mchezo utakuwa mrefu zaidi, huenda usiwe tayari kwa siku ya ukumbi, na huenda asikubali kabisa. Bibi zetu walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mvuvi aliyezoea kusikia kilio katika mtaa wake anaweza kuisikia methali hiyo tofauti na wewe, na ningependa kumsikia mtoto wake akiieleza.

Dada yako, mwache acheke. Sioni kwamba alikutukana. Mtu akikutambua ndani ya koti la karne ya 18 amekusoma vizuri, na ungeweza kumuuliza ni wapi hasa alipokutambua kabla ya kuamua kwamba ni aibu.

Amebaki baba. Hapa unafikiria sana atakachokiona jukwaani, na mimi nikasimama kwenye kitu kidogo zaidi: ukumbi kaulipia yeye. Je, uliuomba, au alijitolea? Anajua mchezo unahusu nini? Kuna tofauti kati ya mzazi kujiona jukwaani kwa bahati na mzazi kulipia kioo ambacho hakuambiwa kuwa ni kioo. Unaweza kumweleza mapema, japo kwa sentensi mbili, kwamba ni hadithi ya mtoto na baba yake. Hatari ni kwamba atauliza zaidi, na mikono itakutoka jasho. Unaweza kurudisha pesa na kutafuta mahali padogo, hata ua wa shule, ili akija awe mgeni wa kawaida. Hatari yake ni kwamba ataumia, maana huenda kulipia ukumbi ndiyo lugha pekee anayoijua ya kusema anajivunia wewe. Au unaweza kunyamaza ukaona itakavyokuwa. Hayo ni yako kupima. Ila kwa kuwa ukumbi una tarehe na mazoezi yamesimama, mazungumzo ya Rafiki yanahitaji wiki hii, na ya baba kabla tiketi hazijaanza kuuzwa.

Wako,
Shangazi